Safari hii Kasiana hatasubiri mlangoni na viatu

Kengele ya misa ya kwanza bado haijalia, lakini Kasiana Luambano ameshakanda unga, ameshauchanganya na majani ya uwatu, na sasa anasukuma chapati nyembamba katika jiko lililo nyuma ya duka la vitambaa, Majengo, mjini Songea. Hazina kitunguu wala kitunguu saumu. Anaziepua moja moja, anazipanga kwenye kopo, na kabla ya kufunika anainamisha pua na kuzinusa.

"Za juzi zimeota ukungu," anasema bila kuinua macho. "Ni hizi mvua. Sasa zikiharibikia kwenye treni, Ba atakula nini? Hali chakula cha mtu asiyemjua."

Ba ni Manjula, bibi wa miaka themanini na mitatu, mwenye nyumba na duka. Kwa Kigujarati, Ba ni mama, au bibi. Kasiana amempikia, amemfulia na kumsindikiza hospitali kwa miaka ishirini na sita, na wiki ijayo atamsindikiza mbali kuliko hospitali. Wanakwenda Dwarka, mji wa mahujaji wa Kihindu ulio pwani ya magharibi ya India.

Kasiana anafuta mikono, anatoka uani, na kuvuta kitambaa kimoja kati ya vilivyoanikwa kwenye kamba chini ya upenu. Bibi amekaa kwenye kiti cha plastiki, ana tasbihi yake ya mbao mkononi.

"Shikamoo, Ba."

"Marahaba, Kasi. Umelalaje?"

"Salama. Hii rangi gani?"

Bibi anainamisha kichwa upande, kama mtu anayechungulia kwenye ufa wa mlango.

"Nyekundu."

Kitambaa ni cha kijani kibichi. Kasiana anakitazama, anamtazama bibi, kisha ananitazama mimi niliyesimama na daftari langu, na macho yake yananiomba ninyamaze.

"Ndiyo, Ba. Nyekundu."

Anarudi jikoni na kukoroga chai ambayo ilikwisha kuiva zamani.

Mwandishi wa makala haya alifika kwenye nyumba hiyo akidhani anakuja kuandika habari za duka la zamani. Habari za duka zinaweza kusubiri. Lililopo hapa ni hofu, na hofu yenyewe ina tarehe ya kusafiri.

Manjula ana presha ya macho. Daktari wa Dar es Salaam alisema wazi kwamba nuru iliyobaki itakwisha, na kwamba yeye hawezi kutaja siku. Bibi hakulia. Alisema anataka kitu kimoja tu: aione tena bendera ya Dwarka kabla giza halijaingia.

Bendera hiyo hupepea juu kabisa ya mnara wa hekalu kubwa la mungu Krishna. Hubadilishwa mara kadhaa kwa siku. Familia huileta na ngoma, vijana wa kazi hiyo hupanda nayo mpaka kileleni, na watu barabarani husimama, hata muuza chai huacha birika likichemka, wote wakiangalia juu. Kila inayopandishwa ina rangi yake. Ndiyo maana ya majaribio haya ya kila asubuhi uani, na ndiyo maana Kasiana halali vizuri.

"Akiniuliza tukifika, Kasi, bendera iko wapi, nami naiona pale juu inapepea, nitasema nini?"

Kasiana ana miaka hamsini na minne. Alizaliwa Mpitimbi, na mumewe Joachim bado analima huko. Aliingia kazini kwa Manjula akiwa mwanamke kijana asiyejua kwamba kuna watu wanaoweza kuishi bila nyama. Wiki ya kwanza alitia kitunguu kwenye dengu. Bibi alikula kimya, kisha akamwonyesha upya tangu mwanzo. "Angenifukuza siku ile ningekuwa Mpitimbi sasa hivi napalilia," anasema na kucheka, mara ya kwanza tangu nifike.

Dwarka amewahi kwenda mara moja, miaka michache kabla ya korona. Manjula alikuwa bado anaona, na mwanawe Kirit, anayeishi Uingereza, alikata tiketi za wawili. Basi mpaka Dar, ndege mpaka Mumbai, kisha treni. Kabla ya hapo, safari ndefu ya Kasiana ilikuwa msiba wa Njombe.

Ukimuuliza aliona nini, anasahau wasiwasi kidogo. Anasema Ziwa Nyasa analijua, ameoga Mbamba Bay, na siku ya anga safi unaona milima ya Malawi. "Lakini yale maji ya Dwarka hayana ng'ambo. Mto unaingia baharini pale pale penye hekalu, watu wanaoga, ng'ombe wanapita katikati ya watu, hakuna anayewafukuza."

Kilichomshangaza zaidi ni jani. Kwenye vichochoro vya kuelekea hekaluni, wanawake waliuza mashada ya majani kwa ajili ya kumpelekea mungu wao. Kasiana alinusa akacheka peke yake. Yalikuwa ndugu wa kivumbasi. "Sisi tunachoma kufukuza mbu, wenzetu wanamvika Bwana wao shingoni. Nikasema, haya, kumbe Mpitimbi tuna utajiri."

Walivuka kwa boti kwenda kisiwa cha Bet Dwarka. Siku hizi kuna daraja. Waliliona sanamu la mungu Shiva lililoketi kule Nageshwar, ambalo Kasiana anaapa ni refu kuliko mnara wa kanisa lao. Na walikwenda kwenye hekalu la Rukmini, mke wa Krishna, lililo nje kidogo ya mji.

Hapo alisimuliwa kisa ambacho hajakisahau. Rukmini na mumewe walikuwa wanavuta gari la mtawa mmoja mkali. Rukmini akashikwa na kiu, mumewe akamtolea maji ardhini, naye akanywa kabla ya kumkaribisha mgeni. Mtawa akawalaani: mke akae mbali na mumewe, na nchi ile ikose maji matamu. Mpaka leo, mahujaji wakifika hapo hutoa sadaka ya maji.

"Mwanamke alikunywa maji kwa sababu ana kiu!" Kasiana anasema, na hasira yake ni mpya kabisa. "Kosa dogo hivyo, halafu unaachwa nje ya mji. Nilitoa sadaka yangu. Namwonea huruma yule mama."

Kosa dogo. Nadhani hapo ndipo panapomuuma, kwa sababu siku iliyofuata yeye naye alifanya lake.

Walipofika kwenye hekalu kubwa, Manjula alivua viatu. Kasiana, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, mwanachama wa jumuiya ndogondogo, alishikwa na woga wa kuingia. Bibi hakumlazimisha. Akampa viatu, akashika mkono wa mama mmoja wa kikundi cha mahujaji walichoandamana nacho, akaingia.

Kasiana akasimama mlangoni na viatu mkononi. Mawazo yake yalikuwa mawazo ya mtu wa Songea. Kanisani kwao watu huingia kwa mlango mkubwa na kutokea huo huo. Msikitini pale Majengo, mtu huacha viatu mlangoni na kuvirudia. "Nikasema, viatu ninavyo mimi, atapita wapi tena? Nikatulia. Nikasali hata rozari yangu."

Hakujua kwamba mahujaji wa Dwarka wana desturi ya kuingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine, upande wa pili wa hekalu. Yule mama wa kikundi, akidhani Kasiana anajua, alimwacha bibi nje ya mlango wa pili na kwenda kutafuta wanawe.

Rozari iliisha. Watu waliendelea kuingia, wala hakuna aliyetoka. Kasiana aliponyanyua macho akaelewa kwamba kuna jambo, alianza kukimbia akizunguka kuta, akiita "Ba! Ba!" Kila bibi kizee aliyekuwa karibu akageuka, kwa kuwa huko kila bibi ni Ba wa mtu. Anasema nyuso zile zote zilizogeuka, zenye upole na zisizo za Ba wake, bado huziota.

Mwishowe akapiga kelele kwa Kiswahili. "Mama Manju wa Songea! Uko wapi, mama yangu?"

"Niko hapa, acha kupiga kelele," sauti ikajibu, kwa Kiswahili hicho hicho.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha muuza majani, anakunywa maji. Ulikuwa mwezi wa Machi, jua la adhuhuri, na alikuwa ametembea peku juu ya mawe. Nyayo zilikuwa zimetoka malengelenge. Kasiana alipiga magoti amvishe viatu huku analia, na hakuweza kwa sababu ya yale malengelenge.

Manjula huisimulia habari hiyo akicheka. Alimsimulia hata mwanawe. Kirit hakucheka. Mwaka jana alipasuliwa mgongo na hawezi kukaa kwenye safari ndefu, kwa hiyo mama yake asipokwenda na Kasiana, haendi. Kwenye simu alisema sentensi moja ambayo Kasiana anaitamka taratibu, neno kwa neno: "Dada Kasiana, mara hii asipotee."

"Hakunigombeza. Angenigombeza ningejua pa kushika," anasema.

Nyumbani nako hakuna nafuu. Mahindi ya Mpitimbi yamefika magotini, palizi ndiyo inaanza, na Joachim hafichi kinachomsumbua. "Palizi nitaita watu," aliniambia nilipomkuta barazani amekuja kumwona mkewe. "Mimi naogopa lingine. Yule bibi ni mzee. Akifia huko mikononi mwa mke wangu, watoto wake watatuuliza nini? Na ndugu zangu wanasema mke wangu amekwenda kuabudu ng'ombe. Nimechoka kuwajibu."

Kasiana alikwenda kwa Padri Tadei, paroko wake, akiwa hajala tangu asubuhi. Alimuuliza kama safari hii anaweza kuingia ndani. Padri alimwambia kwamba kumshika mkono asiyeona hakujawahi kuwa dhambi, amsindikize, na sala zake asali kwa Mungu wake.

"Je, ulitulia?" namuuliza.

"Nilitulia mpaka getini. Padri amesema vizuri, lakini Padri hatakuwepo pale mlangoni."

Basi amejitengenezea dawa yake mwenyewe. Ameshona utepe wa kitenge, una kitanzi kila upande, kimoja cha mkono wake na kimoja cha bibi. Kila Alhamisi mchana, kanisa likiwa tupu, humpeleka Manjula parokiani. Wanaingia kwa mlango mkubwa, wanapita polepole kando ya mabenchi, na kutokea mlango mdogo wa upande wa kwaya. Wanazunguka, wanaanza tena. Katekista Hironimus, aliyewakuta, aliuliza kwa furaha kama mama yetu ameamua kubatizwa.

"Hapana, mwanangu," Manjula alimjibu. "Najifunza kutoka."

Kasiana pia amejifunza sentensi moja ya Kigujarati nje ya zile za jikoni: mama yangu amepotea. Anaikariri akifua, anaikariri akichambua mchele, kisha anafanya ishara ya msalaba ili isije ikahitajika.

Mchana huo anaondoka kwenda duka la mtaani kununua unga mwingine, na mimi nabaki uani na bibi. Mvua imebaki manyunyu. Tasbihi inasimama mkononi mwake.

"Kile kitambaa cha asubuhi kilikuwa kijani?" ananiuliza.

Nafunga daftari.

"Au bluu. Si nyekundu, hilo najua. Kasi akisema kweli hujibu haraka. Leo alichelewa." Anatabasamu kidogo. "Wiki ya pili hii naona ukungu tu. Nabahatisha."

Namuuliza kwa nini hajamwambia.

"Nikimwambia atampigia Kirit, maana hajui kuficha. Na Kirit atasema, mama, kama huoni unakwenda kuona nini?" Sauti yake imekuwa ndogo. "Naogopa, mwanangu. Usidhani ni yeye peke yake. Pale mlango wa pili nilisimama na macho yangu mazima nikaogopa. Sasa sina macho."

Kasiana anarudi amelowa mabega, unga ameukumbatia ndani ya kanga. Anauweka, anatazama kamba, na sijui kwa nini anachagua kujaribu tena saa hizo. Huenda anatumaini asubuhi ilikuwa bahati mbaya. Anavuta kitambaa cha manjano na kukiinua juu kadiri mikono yake inavyofika.

"Ba, rangi gani hii?"

Manjula anainua uso kuelekea kilipo, au anapodhani kilipo.

"Leo niambie wewe, Kasi."

Kitambaa kinashuka kidogo. Machozi yanamtoka Kasiana bila sauti, na anajitahidi yasimfikie bibi kwa njia yoyote.

"Ya manjano, Ba," anasema. "Manjano ya kuiva. Inapepea."

"Mwisho wake ukoje?"

"Una pindo jekundu. Upepo unaupeleka huku, upande wa jiko."

"Basi," anasema bibi, na anaanza tena kuhesabu tasbihi. "Hivyo hivyo. Tutaingia wote, tutatoka wote, na tukifika chini ya mnara utanisomea bendera."

Kasiana anasema jioni atampigia Kirit yeye mwenyewe, wala hatamficha. Atamwambia kwamba bibi haoni tena, na kwamba Jumanne wanaondoka. Viatu ameshaviwekea mfuko wa kamba wa kuvaa shingoni, jozi mbili, vyake na vya Ba.