Jua la Bergen

Jirani yangu wa ghorofa ya chini hapa Bergen hupanga safari ya Oslo kwa kidole gumba. Hutandaza ramani mezani, akagandamiza kasri, akagandamiza makumbusho, kisha akalamba jibini lililobaki kidoleni. "Eti nikae siku mbili! Mji wenyewe ukishakunywa kahawa umeumaliza." Hata hiyo kahawa hubeba yake kwenye chupa, maana ya Oslo haiamini.

Jana asubuhi nilimkuta ukumbini na begi, koti la mvua limefungwa hadi kidevuni. Bergen jua ni la nadra, na wiki nzima ilikuwa mvua tu. Akafungua mlango. Jua! Mtaa mzima umeshatoa viti nje. Akasimama kama aliyeitwa jina lake. Polepole akaanza kufungua vifungo vya koti, huku akimpigia simu dada yake aliyekuwa akimsubiri Oslo, mwendo wa saa saba kwa treni.

"Dada Torbjørg, siji."

"Huji? Usinichezee! Nimeshapika kondoo na kabichi!" Sauti ya simuni ilijaa ukumbini.

"Jua limetoka."

"Hapo nyumbani?"

"Hapa hapa."

"Lishikilie, mdogo wangu," dada mtu akasema. "Nakuja na sufuria."