Martha Pilling Hakupaza Sauti

Edna Entwistle alianza kufuma vitambaa akiwa na miaka kumi na tano, na leo ana themanini na moja. Kiwanda kilipofungwa, wenzake walirudi nyumbani kulea wajukuu. Yeye alikwenda kuwaambia wakubwa wa mji kwamba wakizitupa zile mashine atalala mlangoni, na hakuna aliyedhani anatania. Ndiyo maana hapa Harleyshaw, Lancashire, tuna makumbusho, na kila Jumamosi Edna anawasha mashine sita za kufumia huku mimi nikiuza chai na pai za nyama pale kwenye kona. Msiniulize kama najivunia. Najivunia mpaka shingo inauma.

Sasa, mnawajua waandishi wa riwaya wa siku hizi? Wana uchu na zama za Malkia Viktoria, sijui wamelogwa! Kila mwaka anashuka mmoja kutoka London na daftari jipya. Wanataka ukungu, mishumaa, yatima anayekohoa, na tajiri mwenye siri darini. Mimi nawauzia chai tu. Lakini mmoja wao, Philippa Lorrimer, aliona ukutani kwetu picha ya mwaka 1886, ya msichana mfumaji mwenye shali na viatu vya mbao. Akaipenda, akaomba ampe shujaa wa riwaya yake jina la msichana yule. Naye ni Martha Pilling, mama wa bibi yake Edna.

Edna alikubali kwa sharti moja: asome sura za kiwandani kabla kitabu hakijachapwa.

Sura zikaja. Alizisoma mezani kwangu, miwani puani, chai ikapoa. Alipofika sura ya saba akaziweka chini.

"Ebo! Huyu nani?"

"Si Martha?" nikamwambia.

"Martha gani? Huyu amesimama katikati ya mashine mia tatu zinazonguruma, anamwambia mchumba wake aliye mlangoni maneno ya mapenzi, kwa sauti ya upole! Na mchumba anamsikia!"

Nilicheka mpaka nikamwaga maziwa. Edna hakucheka. Aliyefanya kazi kwenye ukumbi wa mashine anajua kwamba pale husikii hata ukipigiwa mayowe sikioni. Watu wetu waliongea kwa midomo bila sauti, wakilivuta kila neno, na aliyesimama upande wa pili akalisoma. Walisengenyana hivyo, walichumbiana hivyo, na msimamizi hakuambulia kitu. Martha alimfundisha binti yake lugha hiyo, binti naye wake, mpaka ikamfikia Edna.

"Amembandika Martha wetu mdomo wa mwanamke wa sebuleni," Edna akasema. "Abadilishe, au anirudishie jina letu."

Philippa alikuja Jumamosi iliyofuata, mpole, na koti lake zuri. Kitabu kilikuwa kinakwenda mtamboni Jumatatu.

"Bi Edna, nakuelewa," akasema. "Lakini msomaji anataka mazungumzo. Hiyo ndiyo sura itakayowaliza watu. Na kelele nimezitaja, mwanzoni kabisa."

"Umezitaja, halafu ukazizima."

"Ni riwaya, Bi Edna. Lazima tubuni kidogo."

"Buni tajiri, mwanangu. Buni mvua, buni mapacha waliopotezana, mimi sina neno. Kazi ya Martha wetu usiibuni. Karatasi zako unazo? Njoo nazo."

Akamsimamisha kati ya mashine. Hatua ishirini mbele yao alikaa Ivy Kershaw, shoga wa Edna tangu kiwandani, miaka sitini sasa, ambaye siku hizi hasikii hata kengele ya mlango wake. Edna akaziwasha zote sita. Sita tu, siyo mia tatu. Sakafu ikatetemeka, vikombe vyangu vikaanza kucheza mezani. Akamwonyesha Philippa kwa kidole: soma.

Philippa akasoma maneno ya Martha. Alianza kwa sauti ya kawaida, akaipandisha, mwisho akapiga kelele hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mimi nilikuwa nyuma yake, naweza kumgusa, na sikupata hata neno. Alipomaliza, Ivy akatikisa kichwa kule aliko, akamtupia Edna maneno kwa midomo. Edna akajibu. Vikongwe wale wawili wakashika mbavu.

Edna akazima mashine.

"Amesema nini?" Philippa akauliza, sauti imemkauka.

"Amesema mwanamke mwenye mashine nne za kuangalia hana muda wa kumwambia mwanamume kwamba moyo wake ni bahari."

Loo! Philippa akawa mwekundu mpaka masikioni. Hayo ya bahari aliyaandika yeye, na Ivy hakuwahi kuiona sura ile. Nilidhani atachukua mkoba aondoke zake. Badala yake akavuta kigoda, akakaa hapo hapo kwenye vumbi la pamba na koti lake.

"Basi Martha angesema nini?"

"Kwanza asingemtazama sana," Edna akasema. "Jicho liko kwenye uzi. Angempa neno moja kwa midomo: 'Jumapili.' Kijana angelisoma, angekwenda zake, na wiki nzima asingekula vizuri."

"Neno moja tu?"

"Lilitosha, mwanangu. Watu walioana kwa hilo."

Philippa akafuta, akaandika, akamsomea Edna, akafuta tena. Nilifunga meza yangu nikawaacha wanabishana.

Kitabu kilipotoka alimletea Edna nakala. Nilidhani atakitia kabatini. Wapi! Alikisokomeza kwenye mkoba wake wa sokoni, akaanza kuzunguka nacho mji mzima: kwa muuza nyama, posta, saluni, kanisani kabla ya ibada. Kote anafungua ukurasa wa tisini na moja, ambapo hakuna mtu anayetoa sauti mwanzo hadi mwisho, anaweka kidole.

"Huyu ni mama wa bibi yangu," anawaambia. "Hapa anaongea."