Ghizlane Aliyerudisha Saa Nyuma Bila Kuzima Seva

Mpwa wangu Ghizlane Lamrini, huyo mnayemwona akipita mtaani Ain Kadous na begi mgongoni kama mwanafunzi, ndiye aliyerudisha saa nyuma watu elfu tatu wakiwa ndani ya mashine, na hata mmoja asihisi. Nilikuwepo. Kwa kweli bila mimi asingefanya lolote, lakini hilo tutalifikia.

Mimi nachochea moto wa hamamu, bafu la umma la mtaani, mwaka wa thelathini na moja huu. Shule niliiacha darasa la nne, na shule haijawahi kulalamika. Ghizlane alisoma kwa niaba yetu sote. Akiwa na miaka tisa aliifungua redio yangu mechi ikiendelea. Mpira haukukatika, sauti ndiyo ikaongezeka.

Kampuni ya mabasi ilimwajiri kuangalia tovuti ya tiketi, miezi mitatu ya majaribio, chini ya Si Abdelhak ("Si" kwetu ni Bwana), mtu wa tai na hasira za karibu. Kila alipotaka kubadilisha kitu kidogo, nauli au saa ya safari, Si Abdelhak alizima programu nzima akaiwasha upya, na abiria waliokuwa katikati ya kununua wakatupwa nje. Ghizlane akakaa wiki mbili kuifundisha programu isome upya mipangilio yake huku ikiendelea kuhudumia watu.

"Wiki mbili kwa kazi ya kubonyeza kitufe?" Si Abdelhak akamcheka. "Jumatatu naamua kama nisaini karatasi yako ya kazi. Nadhani jibu unalijua."

Basi Jumapili, siku moja kabla, saa zetu zikarudi nyuma saa nzima, kama serikali yetu ifanyavyo kila Ramadhani ikikaribia. Mji wetu wote wa Fes ulikuwa ukiulizana, "Saa mpya au ya zamani?" Nikapita ofisini kwao asubuhi na msemen, zile chapati zetu za kukunjwa, za moto, na pia, sitaficha, kupata tiketi ya kwenda mji wa Taza bila foleni. Ghizlane akanichapia. Nikaisoma.

"Wee Ghizlane! Basi la dereva Bouazza linaondoka saa tatu tangu sijaota ndevu. Mbona mmeandika saa nne?"

Akainyakua. "Si Abdelhak, seva bado iko kwenye saa ya zamani!"

Kila mwaka Si Abdelhak ndiye huirudisha kwa mkono, maana haamini mashine ijirekebishe yenyewe. Safari hii alirudisha saa yake ya mkononi, ya ukutani, na ya jiko la mkewe. Seva akaisahau. Na kila tiketi iliyotoka ilikuwa inamkosesha mtu basi la kwenda kufuturu kwa mama yake siku ya kwanza ya Ramadhani.

"Zima!" akasema.

"Wamo watu elfu tatu. Ukizima, viti walivyoshika vinapotea."

"Wataanza upya."

"Waanze upya waende wapi? Taza vimebaki viti kumi na moja. Nipe dakika moja. Ikishindikana, usinisainie."

"Kama ni kubadilisha, nitabadilisha mwenyewe!" Akamsukuma kando, akaandika haraka haraka, akabonyeza. Kioo cha kompyuta kikajibu: mipangilio ina kosa, imekataliwa, ya zamani inaendelea. Hakuna aliyetupwa nje. Ghizlane alikuwa ameifundisha ikague kabla ya kumeza.

"Hata mashine imekukataa," nikamwambia.

"Wewe mzee, nani kakuruhusu humu?"

"Tumbo lako. Kula msemen, umwachie mtoto kiti."

Akakiacha. Ghizlane akarekebisha mstari, akausoma mara mbili, akabonyeza. Hesabu ya watu kwenye kioo ilikuwa 3,114. Ikawa 3,120. Akachapa tiketi yangu tena: saa tatu! Nikapiga vigelegele kama mama wa bwana harusi, ofisi nzima ikageuka. Kisha akawatumia ujumbe wote walionunua tangu alfajiri. Mmoja akajibu, "Asante, nilikuwa bado kitandani."

Simu ikalia kutoka makao makuu, Casablanca. Si Abdelhak akakaza tai. "Ndiyo, mheshimiwa, tumebadilisha bila kuzima."

"Tumebadilisha sisi akina nani?" nikauliza, kwa sauti ninayotumia mbele ya tanuri.

Akanikodolea macho. Akamtazama Ghizlane, aliyekuwa anakula kana kwamba hayamhusu.

"Kabadilisha Ghizlane," akasema kwenye simu. "Mimi nilijaribu, nikakosea."

Akavuta droo, akatoa ile karatasi, akaisaini palepale, Jumapili, kwa vidole vyenye mafuta ya msemen.