Simu ya Mama na Nyieka Wake

Mama alipokuja Kisumu kukaa nasi ili atibiwe macho, alikuta simu za waya sebuleni, jikoni, juu ya kabati la vyombo na nyingine chooni, na hakuna hata moja iliyoweza kupiga popote. Alizitazama kwa jicho lake lililobaki zima, kisha akaniuliza kama nimefungua posta au nimerogwa.

Kazi yangu ni kutengeneza friji. Simu ni ugonjwa tu. Nazipenda zile nzito, nyeusi, za kutia kidole kwenye tundu na kuzungusha namba. Nyingi nanunua soko la Kibuye, kwa mzee anayeuza pasi mbovu na vitasa vya milango. Kila simu anayonionyesha huapa kwamba ilitoka ofisi ya DC. Kama ni kweli, huyo DC hakuwa na kazi nyingine ila kusema halo. Nikifika nyumbani nafungua, natoa mende, nasugua waya kwa msasa, napaka grisi kidogo. Ndani ya duara la namba kuna kijidude kinachozuia mwendo usizidi, nacho kinaitwa gavana. Mara nyingi tatizo huwa hapo. Gavana amekwama, hafanyi kazi, na wote walio chini yake wanasubiri.

Baada ya upasuaji mama aliambiwa alale, asiiname wala asibebe kitu. Nyumba yetu ya Kaloleni ni ndogo, lakini mama ana sauti ya kuita mitumbwi irudi ufukweni. Akitaka chai, alipaza sauti kutoka chumba cha nyuma, na siku moja jirani ndiye aliyekuja na chai, tena na mkate. Mke wangu aliona aibu. Nikaamua kumfungia mama laini yake: simu moja kando ya kitanda, nyingine jikoni, betri ya kubeba sauti, na kando ya kila simu kijenereta cha mkono ambacho ukikizungusha, kengele ya upande wa pili inalia.

Nilidhani nimetatua shida. Mama alipiga simu kuuliza nani amekohoa. Alipiga kusema sukari haitoshi. Alipiga kuuliza kama simu inafanya kazi. Mke wangu, ambaye mama humwita nyar Alego, yaani binti wa Alego, alianza kupokea kwa sauti ya ofisini: "Jikoni hapa, tukusaidie nini?" Mama alifurahi sana. Alisema hatimaye nimeoa mtu aliyesoma.

Jumamosi moja watu wa kanisa walikuja kumwombea, wakiongozwa na pasta. Mama alikataa kutoka chumbani, akisema mwanga unamuumiza. Mwanga haukuwa na kosa. Yeye na pasta hawakuwa wakielewana. Basi tukaombea sebuleni. Pasta aliombea macho, akaombea nchi, akaingia kwenye vitu vya kale vinavyofunga familia, na hapo akafungua jicho moja kuangalia simu zangu juu ya kabati. Simu ya jikoni ikalia.

Dada mmoja alishika Biblia kifuani. Nikaenda kupokea, na kwa sababu kipaza sauti cha simu hiyo nilikuwa nimekitengeneza vizuri kupita kiasi, sebule nzima ilisikia.

"Mwambie pasta Mungu si kiziwi," mama alisema. "Na chai inapoa."

Mke wangu aliuma leso. Pasta alisema amina, akakaa, akanywa vikombe viwili. Sijamsikia tena akitaja vitu vya kale.

Bandeji zilipotolewa, mama alitaka kurudi nyumbani, upande wa Bondo, na alitaka kurudi na simu.

"Utampigia nani?" nikamuuliza.

"Nyieka."

Nyieka ni mke mwenzake, yule ninayemwita mama mdogo. Nyumba zao ziko boma moja, mlango unatazama mlango, na hawakuwa wameongea tangu tumzike baba. Waligombania kiti cha mbele mazishini. Tangu hapo, mama akiwa na neno kwa mama mdogo alimwambia kuku, kwa sauti ya kutosha, na mama mdogo alijibu kupitia mbuzi.

Nikapeleka simu mbili na waya, nikaupitisha kwenye nguzo za kamba ya nguo. Mama mdogo aliitazama ile ya kwake kama mgeni asiyebeba chochote.

"Na kama sitaki kuongea na yeye?"

"Usipokee, mama."

"Na kama nataka kumwambia ukweli wake?"

"Zungusha huu mkono."

Akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, ingawa nilikuwa nimeshaing'arisha.

Mama ndiye aliyepiga kwanza. Nilikaa uani juu ya beseni lililogeuzwa, nikila njugu. Milango yote miwili ilikuwa wazi na niliwaona wote, kila mmoja akiwa amempa mwenzake mgongo na mkonga wa simu sikioni.

"Ni nani?" mama akauliza.

"Wewe ndio umepiga."

Kisha mama akasema, "Kuku wako amekula mtama wangu."

"Hiyo najua. Umemwambia huyo kuku mpaka amezeeka."

Wakaanza. Walipitia mtama, sufuria iliyoazimwa, harusi ambayo mmoja hakualikwa. Wangeweza kusikizana bila simu yoyote, lakini hakuna aliyeweka mkonga chini. Mwishowe wakafika kwenye kiti. Mama alisema mengi kuhusu kile kiti, na mengine siwezi kuyaandika. Mama mdogo alimwacha amalize.

"Hata mimi sikukipenda," akasema. "Kilikuwa juani. Niliungua kichwa siku nzima, na nikaogopa kuhama usije ukakaa."

Mabega ya mama yakaanza kutikisika, nikainuka kwenda kumtuliza, nikakuta anacheka. Ng'ambo ya ua mama mdogo naye alikuwa amejishika mbavu. Nikarudi kwenye beseni langu. Nikamaliza njugu zangu.

Juzi mama mdogo alinipigia kwa simu ya mkononi. Laini imekatika na mama hapokei. Nikamwambia avuke ua akamwangalie.

"Siwezi kwenda kwa mtu tu bila kupiga simu," akasema.

Lakini alienda. Mbuzi alikuwa ametafuna waya, na mama alikuwa mzima, akikaanga omena. Nilipofika na waya mpya niliwakuta wote wawili jikoni wakibishana kuhusu chumvi. Mama akaniambia niweke waya pale mlangoni, niende nikasalimie watu, nisiwe na haraka.