Mkoba wa Simba Niliompelekea Gachoki

Sikutaka kuandika haya. Gedion, karani wa kanisa letu, aliniletea karatasi mbili na kalamu, akasema kila mjane aandike maisha ya marehemu wake kwa kile kitabu cha miaka hamsini ya kanisa. Niandike alizaliwa lini, alibatizwa lini, alizaa watoto wangapi, basi. Nikamwambia mambo hayo yako kwa jiwe la kaburi, aende akasome huko. Mimi Igoki nilijifunza kuandika kwa ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na miaka arobaini, herufi zangu ni kubwa, karatasi mbili zitatosha nini? Ameongeza. Sasa mtasoma yote, hata yale hamtaki.

Mume wangu aliitwa Mwenda. Nyinyi mlimwita Simba. Hata watoto waliozaliwa yeye akiwa ameshazikwa huelekeza wageni wakisema, pale kwa Simba. Hawajui jina lilitoka wapi.

Mwenda alikuwa pota. Alibeba mizigo ya wageni wanaopanda mlima, na pombe hakuwahi kuonja hata siku ya harusi yetu. Mwaka wa themanini na sita alikuwa na pota mwenzake, Gachoki, mtu wa Embu aliyepanga chumba Majengo. Siku moja wawili hao walitangulia wageni kwenda kupiga hema. Walipopita mianzi, pale miti inapoisha na nyasi kuota mashada mashada, simba jike akasimama juu ya mwamba. Theluji ilikuwa imeanguka, mgongo wake mweupe. Mwenda alisema aliwaangalia kama mwenye shamba anavyoangalia watu waliopitia mahindi yake. Akasimama bila kutikisika mpaka simba akaenda zake. Alipogeuka, Gachoki hayupo, na hema aliyobeba Gachoki imelala chini ya korongo.

Jioni kambini Gachoki aliapa hakuona simba yeyote. Akamwambia mkubwa wa safari kwamba Mwenda alilewa, akaitupa hema. Watu walicheka, maana simba hukaa kule chini kwenye joto, atafute nini kwa barafu? Mwenda alifutwa hapo hapo. Gachoki akaendelea na kazi.

Mume wangu alishuka akaanza kuponda kokoto. Aliziponda miaka ishirini na tatu. Akienda kununua nyama, mwenye bucha anamwuliza kama hiyo robo ni ya simba. Kwa mkutano wa kiwanda cha kahawa akiinua mkono, mtu wa nyuma ananguruma, mkutano mzima unacheka, na mkono unashuka. Mwishowe hakuuinua tena. Nyinyi mnaokaa viti vya mbele mnajijua.

Alipougua mara ya mwisho hakusema habari ya shamba wala ya watoto. Aliniuliza, "Wewe unaniamini?" Nikamwambia naamini. Akasema, "Basi ni mmoja," akageukia ukuta.

Tangu hapo niko peke yangu. Kathuri, mtoto wangu wa kwanza, yuko Mombasa na hupiga simu Krismasi. Wasichana wameolewa. Kuna siku sauti yangu naisikia tu nikifukuza kuku.

Mwezi uliopita nilipeleka ndizi soko la Gakoromone. Nikirudi nikapitia kwa Karimi, msichana anayeuza mitumba. Alikuwa amefungua mtumba mpya, mikoba, vipochi, vifuko vya miwani na mwavuli mmoja, vyote vina mnyama yule yule. Na si wa kuchorwa. Ni picha ya kamera, masharubu unaweza kuyahesabu. Paka mkubwa wa rangi ya simba, shingo haina manyoya, amesimama juu ya mwamba, theluji mgongoni. Kwa mkoba mkia wake ulizunguka ukamalizikia upande wa pili, na zipu ilipita juu ya masikio. Nilikaa chini juu ya gunia bila kukaribishwa.

Karimi akauliza, "Shosho, ni presha?"

Nikamwambia anifungie mkoba, na aufunge vizuri, huyo ni shahidi.

Jumapili niliuweka kando ya Biblia, uso wa mnyama ukiwaangalia. Mliona. Wamama wa kwaya walisema Igoki leo amekuja na bwana wake. Ibada ilipoisha Gedion aliupiga mkoba picha kwa simu, akangoja simu imtafutie jina lake, akaniambia polepole kama mjukuu kwa nyanya yake, "Juju, huyu ni mnyama wa Marekani. Huku kwetu hayuko." Nikamwuliza huko anaitwaje. Akasita, akasema ni simba wa milimani. Nikamwambia basi, nimesikia, aende zake.

Lakini nilipofika nyumbani niliuweka mezani tukaangaliana, mimi na mnyama wa watu. Nilijua Gedion hasemi uongo.

Mngekuwa nyinyi mngeutia viazi. Mimi nilifikiri siku tatu. Katika wote waliokuwa mlimani siku ile amebaki mmoja, Gachoki. Alirudi kwao Embu zamani, anakaa kwa binti yake huko chini upande wa Ishiara. Mazishi ya Mwenda hakuja. Nikavaa viatu vya kanisa, nikaenda.

Nilimkuta kwenye kivuli cha ghala akichagua ndengu kwa ungo. Amekwisha, yule mtu. Kola ya shati ingeweza kubeba shingo mbili. Binti yake Wamuyu aliniletea uji, akaniita cucu, nyanya kwa lugha yao, akampazia baba yake sauti kwamba mke wa Mwenda wa Meru amekuja. Mikono ya Gachoki ikaacha ndengu. Tukaongea habari ya mvua. Tukaongea habari ya mbuzi. Mvua ikaisha, mbuzi wakaisha. Nikauweka mkoba juu ya ungo. Kwamba mnyama ni wa Marekani sikumwambia. Mungu akiniuliza nitamjibu mwenyewe.

Aliuinua mpaka karibu na pua. Akapitisha kidole mgongoni, penye theluji, akashuka miguuni, akarudia miguu, akarudia tena.

"Si huyu, Mama Kathuri."

Nikanyosha mkono niuchukue mkoba wangu.

"Yule alikuwa na madoa," akasema. "Hapa miguuni, yakipanda tumboni, kama mtoto wa simba. Huyu hana."

Sasa nisikilizeni. Madoa hayo Mwenda aliniambia mimi pekee. Alisema watu wakisikia simba mwenye madoa watasema sasa amegeuka chui, na watacheka mara mbili. Alikufa hajamwambia mwingine, na mimi sikuwahi kuyatamka. Anayejua miguu ile ni mtu aliyeiona.

Nikamwuliza habari ya hema. Akanirudishia mkoba kwanza.

"Niliitupa mimi, nipate kukimbia," akasema. "Huyu Wamuyu alikuwa na wiki mbili, nami kazini nilikuwa na mwezi mmoja. Nikasema ni Mwenda." Kisha akasema, "Yeye alisimama. Kila nikimwona niliona amesimama. Ndiyo maana nilihama."

Nikamtaka aje Meru aseme hayo kanisani. Alikataa, magari hayawezi tena, na wajukuu hawajui. Lakini alisema mtu akija kwake amwulize uso kwa uso, hatamficha. Nikamwambia nitatuma watu. Msamaha hakuomba na mimi sikumpa. Wamuyu alinifungia ndengu, nikazikataa, akazitia ndani ya mkoba kwa nguvu. Nimezila.

Nilifika nyumbani nikakaa kitandani na viatu miguuni. Miaka yote hiyo nilifikiri siku nikipata neno lile nitapiga vigelegele mpaka Makutano wasikie. Nilikuwa nalo, na wa kuambiwa hayupo. Nilimpigia Kathuri, hakushika. Nikalala bila kula.

Gedion anasema mwisho niweke mstari wa Biblia. Aweke yeye. Mimi nataka wanaume wawili wa kanisa hili waende Ishiara wiki hii, wasingoje kitabu kichapwe, maana Gachoki nilimwacha akikohoa vibaya. Wamwulize miguu ya simba ilikuwaje. Neno madoa wasilitaje, wamwache alitoe mwenyewe. Wakirudi wasimame mbele Jumapili, waseme walichosikia, na jina walitaje vizuri, Mwenda. Nauli mjilipie.