Sauti ya Mama Ndani ya Katuni

Siku katuni yetu ilipoonyeshwa kwenye runinga, nadhani pale kijijini kwetu Mkunya ni mimi peke yangu niliyekuwa naomba umeme ukatike. Umeme wa kwetu hukatika hata ukipiga chafya. Jumamosi ile ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kulikuwa na watoto wanne wa kuchorwa kwenye jarida moja la watoto, watundu kupita kiasi, kila toleo wana balaa jipya. Sisi walimu tukawatoa kwenye karatasi, tukawapandisha jukwaani, tukawatungia nyimbo, wanafunzi wetu wakaigiza. Tulianzia Newala, tukashuka Masasi, ukumbi ukajaa hadi watu wakachungulia madirishani. Mchoraji mwenyewe alikuja kuona, akacheka mpaka akafuta machozi. Haukupita muda, studio moja ya Dar es Salaam ikataka mchezo wetu uwe katuni ya runinga, watoto wale wale, sasa watembee na kuimba.

Fundi muziki wa studio, kijana mwenye adabu zake, alikuja nyumbani kwangu kurekodi. Ilibaki sehemu moja isiyo na wimbo. Dada mkubwa anaondoka nyumbani, mdogo wake anabaki mlangoni. Jukwaani tulikuwa tunaiacha kimya, na watu walikuwa wanaelewa, lakini yeye akasema runinga haipendi ukimya. Nikatoka kwenda dukani kununua sukari ya chai.

Niliporudi nilimkuta amemwonyesha mama yangu ile picha kwenye kompyuta, bado haina sauti, katoto kamesimama mlangoni kanaangalia njia. Mama alikuwa ameacha kumenya mihogo. Kisu mkononi, machozi yanamtoka, anaimba mdomo umefumbwa. Simu ya kijana iko mezani inarekodi.

Mama yangu ni kungwi. Wimbo ule ni wa ndani, wa unyago, huimbwa mwali akishatengwa na mama yake, na hautoki nje ya uzio. Wanaume hawausikii, wala watoto. Tena binti yangu alikuwa anaingia unyagoni likizo ya mwezi wa sita, na mama alikuwa anaingoja siku hiyo tangu mtoto anaota meno. Mjukuu wake wa kwanza, amfunde kwa mkono wake mwenyewe. Kungwi anayetoa ya ndani huvuliwa ukungwi, na hakuna wa kumtetea.

"Futa hiyo," nikamwambia kijana. "Mama amekosea."

"Amekosea nini, mwalimu? Hii ndiyo nzuri kuliko zote."

Sasa ningemjibu nini? Yeye mwanaume, mimi mwanamke. Kumwambia afute kwa sababu ni wimbo wa ndani ni kumwonyesha kwa kidole kwamba wimbo wa ndani ndio huo. Nikabaki nasema futa, futa tu, kama mtu aliyechanganyikiwa. Akaahidi atatafuta kitu kingine.

Alipoondoka nilimgeukia mama. Nilikuwa na hasira, siwezi kuficha.

"Mama, umefanya nini?"

"Sijatamka neno hata moja," akasema. "Kilichofungwa ni maneno. Mimi nimeguna tu." Akaendelea kumenya mihogo.

Nilimpigia yule kijana mara nyingi, mpaka nikajionea aibu. Jibu lake lilikuwa moja: usijali, mwalimu. Hakuna neno linalonikera kama hilo. Mtu akikwambia usijali, ujue hajakusikiliza.

Basi Jumamosi ikafika. Runinga tuliitoa barazani, kwa sababu kijiji kizima kilitaka kuona. Watoto kwenye mkeka, wanaume kwenye mabenchi, wanawake nyuma yao. Kungwi mkuu naye akaja, bibi mmoja mfupi asiyecheka hovyo. Nikampa kiti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Leo tumekuja kuona kazi zenu."

Mama alikaa karibu naye, kajifunika khanga mpya. Wanafunzi wangu waliimba kila wimbo pamoja na katuni, wakaruka, wakaonyeshana. Wazee wakawa wanacheka.

Dada mkubwa akafunga mzigo wake. Nikashika mguu wa kiti. Mdogo akasimama mlangoni, na sauti ikaja, wala si ya mwimbaji wa studio. Ilikuwa sauti ya mama yangu mwenyewe, na mikwaruzo yake, imejaa baraza lote.

Wanaume walisema kazi nzuri hii. Nyuma yao wanawake walinyamaza wote kwa pamoja, kimya ambacho mwanaume hawezi kukielewa. Kisha mmoja akaanza kukohoa, mwingine akamwita mtoto wake kwa kelele, mwingine akaangusha sahani ya bati, wakijaribu kuizima ile sauti. Kungwi mkuu hakufanya lolote. Alitazama mpaka mwisho, akanywa chai yake, akanishukuru, akaaga. Ila mama yangu hakumuaga hata kwa jina, kana kwamba hakumwona. Asubuhi yake walikuja wanawake wawili wakachukua ngoma ndogo ya mama, ile ya ukungwi wake, na yeye aliwatolea mwenyewe bila kuuliza.

Mwezi wa sita walikuja kumchukua binti yangu. Mama mzazi hafuati, ndivyo ilivyo kwetu, kwa hiyo nilibaki uani. Mama naye akabaki, amekaa kizingitini.

"Bibi, huji?" binti yangu akamuuliza.

"Miguu inauma," mama akasema. "Nenda na wenzako."

Wakamtoa. Watoto wa majirani walikuwa wamejazana uani kumwangalia dada yao anavyoondoka, na wao walishafundishwa na runinga dada akiondoka huimbwa nini. Mmoja akaanza, wote wakadakia, midomo imefumbwa, wanatabasamu, wameupatia kabisa. Niliwakemea. Wakadhani natania, wakazidisha.

Wale wanawake waliendelea kutembea, hawakugeuka. Aliyegeuka ni binti yangu. Mwali hatakiwi kutazama nyuma, lakini aligeuka, akamtafuta bibi yake kwa macho, akidhani ndiye anayemwimbia. Kungwi mkuu akamvutia khanga usoni, akamsukuma mbele.

Mama alikuwa ameziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.