Msumari wa Mama Kwenye MRI

Aibu hii nimeisimulia mpaka nimechoka nayo, lakini leo nawaambia nyinyi kwa hiari yangu.

Mdogo wangu Jillo alishikwa na homa hapa Garsen, siku ya tatu akaanza kupayuka, hata mkewe yeye anamwita shangazi, na mama akasema hayo ni majini, akamfunga msumari wa inchi nne kiunoni kwa uzi mweusi (jini huogopa chuma, hilo kwetu halina mjadala). Tulipofika hospitali moja Mombasa, daktari akasema, "Tunashuku kirusi kimeingia kwenye ubongo. Dawa tunaanza sasa hivi, ila lazima apigwe picha ya MRI tuone palipovimba."

Nesi akauliza kama mgonjwa ana chuma chochote mwilini. Sasa mimi nauza dawa za mifugo, watu huniita daktari, ningeanzaje kutaja msumari? Nikampeleka Jillo msalani, nikaufungua, na kwa kuwa mama aliniapisha nisimwache mwanawe bila chuma, nikaufutika kwenye pindo la kikoi changu. Kumbe Jillo atakataa kulala kwenye ile mashine mpaka nimshike mkono. Fundi wa mashine akaniuliza, "Na wewe mzee, huna chuma?" Nikajibu sina, tena kwa ukali kidogo.

Jamani, ile mashine yote ni sumaku. Nilipomsogelea Jillo nikahisi kiuno kinavutwa, msumari ukachomoka, ukapita karibu na sikio lake, ukagonga mashine kwa kishindo, na kikoi kikabaki sakafuni. Nimesimama na chupi mbele ya manesi wawili, na mmoja alishindwa kujizuia kucheka. Fundi hakucheka. "Mzee, ungemuua ndugu yako," akasema polepole, na hilo ndilo lililoniuma.

Picha ikapigwa kesho yake, msumari ulipokwisha kung'olewa kwenye mashine, ikaonyesha uvimbe mahali ubongo unapotunza kumbukumbu. Daktari alisema kuchelewa kule hakukumdhuru kwa kuwa dawa ilikuwa tayari inaingia, nami najaribu kumwamini. Jillo alipona, anamjua mkewe, mpunga wake analima, ila mambo mapya hayamkai kichwani. Mama anasema msumari ndio uliomponya, nimeacha kubishana naye.

Siku hizi nikiulizwa kitu hospitali nasema yote, hata nisiyoulizwa. Na karibu kila jioni Jillo ananiuliza, "Kaka, hivi mimi niliugua nini?" Naanza upya, tangu msumari mpaka chupi, naye hucheka mpaka machozi yamtoke, maana kwake ndiyo mara ya kwanza kukisikia kisa hiki.